Kumi na Saba Toa Tisa

Mama mmoja alisimama mbele ya meza ya mama yangu pale Kitangiri, Mwanza, akachagua mafungu matano ya dagaa, akatoa noti ya elfu tano. Fungu ni jero, yaani mia tano. Mama alikuwa ndani anasonga ugali, na mezani alibaki Doto peke yake, mtoto wa dada yangu, miaka saba, darasa la pili.

"Chenji yako buku mbili jero, mama," Doto akasema kabla yule mteja hajamaliza kufunga mfuko. Akachomoa hela kwenye kopo, akampa, akarudi kumfukuza paka aliyekuwa ananyemelea sinia.

Usiku huo huo nikafungua daftari lake la Kuhesabu. Kulikuwa na swali la 17 kutoa 9, limeandikwa wima, saba juu, tisa chini. Jibu la Doto: 12. Alama nyekundu ya kosa imelikata katikati.

Nikamwita. "Doto, hapa ulifanyaje?"

"Saba toa tisa haitoki, ma'mdogo. Nikafanya tisa toa saba, mbili. Moja nikaishusha."

"Haya. Bibi ana mafungu kumi na saba mezani. Watu wamenunua tisa. Yamebaki mangapi?"

"Manane."

"Umejuaje?"

"Yakienda saba yanabaki kumi. Yakienda mengine mawili yanabaki manane."

"Na hapa kwenye daftari?"

"Hapa ni kumi na mbili."

Wala hakuona tatizo. Manane ni ya mezani, kumi na mbili ni ya daftarini, kila moja na kwao.

Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Wacheze tu

Nina kibanda cha kuprinti na kutoa kopi, na wateja wangu wakubwa ni walimu. Wakija na mazoezi ya kurudufu tunapiga soga, na kwa muda mrefu hoja yangu kwao imekuwa moja: mtoto mdogo msimfundishe hesabu kwa fimbo na ubao, mpeni kete. Hesabu zimejaa kwenye michezo yetu. Mwacheni acheze, zitamwingia bila yeye kujua.

Hoja hiyo haikutoka hewani. Angalia mdako. Shimo dogo, kete za kokoto, na jiwe moja la kurusha. Unarusha jiwe juu, unazoa kete kutoka shimoni, unalidaka. Unarusha tena, unazirudisha zote isipokuwa moja. Raundi ya kwanza ni moja moja, ya pili mbili mbili, halafu tatu tatu, nne nne. Doto na pacha wake Kulwa wanaucheza nyuma ya nyumba mpaka giza linawafukuza.

Siku moja niliwasikia wakibishana kabla ya kuanza. Kulwa alikuwa ameokota kete kumi na tatu. Doto akaitupa moja. Akasema kumi na tatu "inasumbua", kumi na mbili "inakubali". Na kweli inakubali: ukizoa mbili mbili hakibaki kitu, tatu tatu hakibaki, nne nne hakibaki. Kumi na tatu kila raundi inakuachia kete moja ya ugomvi. Mtoto huyu hajawahi kusikia habari ya vigawo wala namba tasa, lakini vidole vyake vinazijua.

Angalia kombolela. Anayefumba macho ukutani hahesabu moja moja, anakwenda "kumi, ishirini, thelathini" mpaka mia, maana anataka aanze kuwasaka wenzake upesi. Mdogo wao Doto na Kulwa, wa miaka minne, naye anaiga, ila anaanzia moja. Anapanda vizuri mpaka kumi na tisa, halafu bila aibu: "kumi na kumi, kumi na kumi na moja." Wakubwa wanamcheka. Mimi naona ana akili kuliko umri wake. Tumemwambia kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, naye ameishika kanuni; ni ishirini ndiyo iliyomruka.

Halafu kuna bao. Kila mtu akitaka kusema Waafrika tulikuwa na hesabu zetu atataja bao, na atakukumbusha kuwa Mwalimu Nyerere alilicheza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, shimo lake kuu, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, na kete za mkononi zikiisha ndipo mnaingia mtaji, hatua ya pili ya mchezo. Wasukuma wana isolo yao ya ukoo huo huo. Ni michezo mizito. Lakini nimekaa sana karibu na wazee wanaolicheza, na kwa ninavyoona hawahesabu kabisa. Mzee anatupia jicho shimo lenye kete nyingi, anajua litaishia wapi, mkono unafuata. Ukimuuliza ni ngapi, mpaka arudi nyuma azihesabu.

Mimi bao nalipenda. Ila kama kucheza bao kungemfanya mtu afaulu hisabati ya karatasi, huku kwetu tungekuwa mabingwa, wala matokeo ya kidato cha nne yasingetoka kila mwaka Hisabati ikiburuta mkia.

Hapo ndipo jibu la Doto liliponichoma. Mchezo ulikuwa umefanya kazi yake yote, na daftari halikupata habari.

Mstari wa chaki

Nikaanza kusoma. Faida mojawapo ya kukaa na kompyuta yenye intaneti siku nzima ni kwamba kati ya mteja na mteja unaweza kusoma vitu ambavyo havikuhusu.

Mwaka 2008, watafiti wawili waliokuwa Pittsburgh kule Marekani, Robert Siegler na Geetha Ramani, walitoa matokeo ya jaribio dogo la watoto wa awali kutoka familia za kipato cha chini. Mchezo wao ni rahisi mno. Vyumba kumi kwenye mstari mmoja, vimeandikwa 1 hadi 10. Mtoto anazungusha kishale, kinampa moja au mbili, anasogeza kete yake huku akitaja namba za vyumba anavyopita. Wengine walicheza mchezo ule ule, ila vyumba vyao vilikuwa na rangi badala ya namba. Vipindi vinne vifupi tu, kama robo saa kila kimoja, ndani ya wiki mbili.

Waliocheza na namba walipanda: kuhesabu, kutambua tarakimu, kujua ipi kubwa kati ya mbili, kukadiria namba inakaa wapi kwenye mstari. Walipopimwa tena wiki tisa baadaye, walikuwa bado nazo. Waliocheza na rangi hawakupata kitu.

Mchezo ule ule, vicheko vile vile. Tofauti ilikuwa kilichoandikwa sakafuni na kilichotamkwa mdomoni.

Baadaye walijaribu kuupinda mstari uwe duara, kama saa, na faida haikuwa ile. Na mwaka 2014 Siegler na mwenzake Elida Laski wakaonyesha jambo ambalo nililisoma, nikalirudia. Mtoto aliye chumba cha tano akipata mbili, anaweza kusema "moja, mbili" akafika saba. Au anaweza kusema "sita, saba" akafika saba. Kete inatua mahali pale pale. Lakini anayejifunza zaidi ni wa pili.

Jioni nikachora mstari kwa chaki kwenye sakafu ya baraza. Kishale sina, nikatumia sarafu: upande wa kichwa ni moja, upande wa pili ni mbili. Kete ni vizibo vya soda. Nikamweka yule mdogo wa miaka minne acheze na kaka zake.

Alisema "moja, mbili." Kila mara. Hata kaka zake walisema hivyo hivyo, na nikijichunguza, hata mimi nikicheza ludo ndivyo ninavyofanya. Nani anacheza ludo akitaja namba ya mahali alipo? Tunahesabu hatua, mahali hatupataji.

Nikaweka sheria: usipotaja jina la chumba unachokanyaga, unarudi ulipotoka. Siku za kwanza alilia. Alikuwa anajua kabisa kuhesabu mpaka kumi na tisa, lakini kuanzia tano kwenda mbele bila kuanza upya na moja kulimshinda. Alikuwa anainamisha kichwa, ananong'ona "moja, mbili, tatu, nne, tano" upesi upesi, halafu kwa sauti kubwa: "Sita!" Kwake namba zilikuwa wimbo, na wimbo hauanzwi katikati.

Kadiri siku zilivyokwenda ule mnong'ono ulifupika, kisha ukakatika. Sasa ukimtajia saba anaendelea na nane. Kwa mtoto wa umri ule hiyo ni safari ndefu, na sikuona fimbo wala ubao vikihitajika.

Nikajiona nimeshinda hoja yangu na walimu.

Habari za Delhi

Kisha nikasoma za Delhi.

Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha kazi ya Moira Dillon, Elizabeth Spelke, Esther Duflo na wenzao. Hii haikuwa ya watoto wachache kwenye chumba kimoja. Shule za awali 214, watoto zaidi ya 1,500 wa mitaa ya maskini mjini Delhi, michezo ya miezi minne iliyoendeshwa pamoja na asasi ya Pratham. Michezo ilitungwa na watu wanaojua akili ya mtoto inavyofanya kazi: kulinganisha mafungu ya vitone bila kuhesabu, kutambua maumbo, na kadhalika.

Watoto waliipenda. Uwezo wao wa kukisia wingi na kuona maumbo ulipanda, na zaidi ya mwaka mmoja baadaye ulikuwa bado juu kuliko wa wenzao. Hilo peke yake ni jambo kubwa, kwa sababu mafunzo mengi ya watoto hufifia mara tu wafadhili wakiondoka.

Lakini walipoingia darasa la kwanza, kwenye hesabu zenye tarakimu na alama, hesabu za daftari, hawakuwazidi wenzao.

Nilifunga ukurasa nikatoa kopi za cheti cha kuzaliwa cha mtu. Nikarudi, nikaufungua tena. Nilikuwa natafuta mahali ambapo ningeweza kusema, aa, lakini hao walikosea hapa. Sikupapata. Watafiti wenyewe ndio waliotunga michezo ile, na ndio walioandika kwamba haikufika walikotaka. Duflo miaka miwili baadaye alipata Nobeli ya uchumi. Si mtu wa kubahatisha vipimo.

Kwa hiyo kuna vitu viwili. Kuna kuhisi wingi, na kuna kuandika 17 − 9. Cha kwanza kinaweza kukua kikanawiri bila cha pili kugutuka.

Doto alikuwa ameniambia hivyo hivyo usiku ule. *Hapa ni kumi na mbili.*

Nazi kumi

Ukishaijua sura ya jambo hili unaanza kuliona kila mahali. Mwaka 1985, huko Recife, Brazil, watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, waliwafuata watoto watano wachuuzi, wa miaka 9 hadi 15, wakajifanya wateja. Mmoja, mvulana wa miaka 12, alikuwa anauza nazi, moja cruzeiro 35. Wakamwomba nazi kumi. Akapiga kwa mdomo: tatu ni 105, tatu nyingine 210, akaongeza tatu tena 315, na moja, 350.

Shuleni angefundishwa aongeze sifuri tu mwishoni mwa 35. Yeye alipita njia ndefu, lakini alifika, na kila hatua aliijua.

Kisha wakawapa watoto hao hesabu zile zile kwenye karatasi. Mezani pao walikuwa wamepata asilimia 98. Kwenye karatasi, tarakimu tupu, asilimia 37. Yule wa nazi aliambiwa aandike 35 mara 4, kitu ambacho kabla ya hapo alikuwa amekijibu kama nazi nne na kupata 140. Akaandika: nne mara tano ishirini, mbili mkononi, mbili na tatu ni tano, tano mara nne ishirini. Jibu, 200.

Mia mbili! Mtoto ambaye mezani pake asingemdai kamwe mteja 200 kwa nazi nne za 140.

Mwaka 2025 kundi la akina Duflo na Abhijit Banerjee wakatoa kwenye jarida la Nature kitu kinachofanana, ila kwa watoto zaidi ya elfu moja wanaofanya kazi masokoni Kolkata na Delhi. Wanazidisha kilo kwa bei, wanarudisha chenji, ni nadra kukosea. Wape karatasi, wanakwama. Na wakawapima pia watoto wa shule wasiouza sokoni: hao karatasi wanaimudu zaidi, lakini hesabu za soko zinawatesa.

Hili la mwisho ndilo nililoliwaza zaidi kuliko yote. Tumezoea kumhurumia Doto. Hatumhurumii yule anayepata vema zote halafu akitumwa dukani anarudi na chenji pungufu. Huyo tunasema ni mtoto, atajifunza. Kulwa ni wa namna hiyo kidogo. Daftari lake safi kuliko la pacha wake, lakini mama hamwachi na meza.

Nikishuka soko la samaki la Mwaloni asubuhi namwona Doto mwenye umri wa miaka arobaini kila upande. Mama anayepima dagaa kwa sado anaweza kukuambia papo hapo sado kumi na tatu ni shilingi ngapi, akakupunguzia, akagawa faida na mwenzake, na kichwani ana hesabu ya siku za mbalamwezi ambazo mitumbwi haitatoka na dagaa watapanda bei. Muulize daftari liko wapi. Yuko mtu mwingine wa kumwandikia. Na mwandishi akimwibia, atahisi kuna kitu hakiko sawa, ila hataweza kuonyesha ni mstari gani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema, "Si anajua kuhesabu hela? Inatosha." Haitoshi. Mkataba, risiti, marejesho ya kikoba, vyote vimeandikwa.

Kuchenji

Kwa muda nilikaa na swali moja: je, kuna kitu ambacho Doto tayari anakifanya kwa mikono, ambacho ndicho hasa 17 − 9 ya wima inakitaka?

Kilikuwepo. Anakifanya kila siku.

Mteja akija na buku kununua fungu la jero na kopo halina jero, mama anamtuma Doto kwa jirani anayeuza vocha: "Nenda kachenji." Anaondoka na noti moja, anarudi na jero mbili. Hajaongezewa, hajapunguziwa. Anajua hilo kabisa. Siku moja jirani alimpa jero na mia nne, akarudi kumdai.

Sasa tazama 17 ya wima. Ile moja ya kushoto ni kumi nzima, noti ambayo haijachenjiwa. Saba ni hela ndogondogo. Unadaiwa tisa, ndogondogo hazitoshi. Mtu mzima gani angemwambia mteja, "Basi wewe nipe mbili"? Ndicho Doto alichofanya aliposema tisa toa saba. Mezani asingethubutu. Daftarini hakuna mteja wa kulalamika.

Nikakata makaratasi ya maboksi, nikayaandika 10 kila moja. Vizibo vikawa moja moja. Mchezo wenyewe: kila mchezaji anaanza na karatasi mbili za kumi. Unachota kadi kwenye rundo, kadi ina namba kati ya 1 na 9, na kiasi hicho unakilipa benki kwa vizibo. Benki haipokei karatasi ya kumi. Huna vizibo vya kutosha, unakwenda kuchenji kwa Kulwa, ambaye ndiye benki. Anayeishiwa wa mwisho ameshinda.

Na hapa ndipo nilipoikumbuka Delhi. Niliweka sheria moja ambayo haikuwapendeza: kila malipo yanaandikwa. Sio baada ya mchezo. Pale pale, kabla mwenzako hajachota. Ulikuwa na 17, umelipa 9, andika, wima, na kama umechenji kata ile moja, andika vizibo vyako vipya juu ya ile saba. Kumi na saba. Usipoandika, malipo hayahesabiki na unalipa tena.

Doto alinung'unika. "Ma'mdogo unaharibu mchezo." Ni kweli, uliharibika kidogo. Ulikuwa wa haraka, ukawa wa polepole, na mara mbili tatu waliutelekeza wakaenda kucheza rede na watoto wa jirani. Sikuwakataza. Mchezo unaolazimishwa ni zoezi tu lililovaa kofia.

Walirudi kwa sababu ya ugomvi. Doto alidai amebakiwa na vizibo vinane, Kulwa akasema benki inaonyesha saba. Zamani hapo wangepigana. Safari hii Kulwa alifungua karatasi, akafuata malipo moja baada ya jingine kwa kidole, akafika mahali Doto alipodaiwa vitano akalipa na kuandika vinne. Doto akainama akatazama mwandiko wake mwenyewe kwa muda. Akatoa kizibo kimoja, akakirusha benki.

Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nashona kifungo, nikajichoma.

Tangu siku hiyo anaandika kwa makini kuliko Kulwa, kwa sababu amegundua karatasi inaweza kumtetea pia. Anataka kila mtu aandike. Hata bibi yake anataka aandike dagaa anaokopesha. Mama amekataa, anasema wadeni wake wako kichwani na hakuna aliyewahi kumtoroka. Hilo si kweli, lakini hayo ni mambo ya mama.

Je, shuleni? Mazoezi ya kutoa yameanza kupata vema, ingawa si yote. Akipewa 40 toa 6 bado anaganda, kwa sababu hakuna vizibo kabisa, na sifuri inamtisha. Kujumlisha kwa kubeba bado hatujafika. Siwezi kukuambia dawa imepatikana. Naweza kukuambia kwamba nikimuuliza sasa kuhusu mezani na daftarini anasema yote ni manane, na anashangaa kwa nini nauliza.

Kamari

Mama yangu alivumilia makaratasi na vizibo. Ile sarafu ya yule mdogo ndiyo aliyoikataa. Alinikuta barazani mtoto anarusha sarafu juu, anapiga kelele "Mbili! Mbili!", akasimama na sinia lake.

"Unawafundisha nini watoto wa mwenzio?"

"Kuhesabu, mama."

"Hiyo ni kamari."

Nikaeleza kuhusu Pittsburgh. Unaweza kukisia jinsi ilivyosaidia.

Nikishamaliza kukasirika nakubali ana hoja. Mtaani kwetu sarafu ikirushwa juu kuna mtu anapoteza hela, na mashine za bonanza zimejaa mpaka karibu na mageti ya shule. Mtoto anajifunza mchezo pamoja na kila kitu kinachouzunguka. Tukaafikiana: badala ya sarafu, mbegu mbili za ukwaju zilizokwanguliwa upande mmoja mpaka weupe ukatokea. Unazitupa chini, mweupe mmoja ni moja, miwili ni mbili. Zikianguka zote upande wa rangi, unatupa tena. Mama ameridhika. Ni bahati nasibu ile ile, lakini haina picha ya hela.

Watoto mia na kitu

Nilimwonyesha mwalimu mmoja wa darasa la pili, mteja wangu wa siku nyingi. Alisikiliza vizuri. Akauliza kimoja tu: "Mimi nina watoto mia moja na kitu kwenye chumba. Benki atakuwa nani?"

Ni swali la haki. Michezo yote niliyoisoma na niliyoijaribu ina mtu mzima pembeni, au mtoto anayejua zaidi, wa kusema "hapana, taja jina la chumba", "hapana, andika kwanza". Ukimwondoa huyo, mstari wa namba unageuka mstari wa rangi na benki inageuka rundo la vizibo. Serikali ilipofuta ada na michango, watoto walijaa madarasani, jambo jema kabisa, lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Kumwambia mwalimu wa watoto mia atumie michezo bila kumwambia nani atasimamia meza ya ishirini ni kumdhihaki.

Tulikaa tukapiga hesabu. Watoto wanne kwa kundi. Mmoja benki, na benki anazunguka kila siku, kwa sababu kwa Kulwa nimeona anayejifunza zaidi ni aliyeshika daftari. Nusu ya darasa wacheze, nusu wafanye zoezi ubaoni, kisha wabadilishane. Kelele zitakuwepo, amesema atamwandaa mwalimu mkuu kwa hilo. Ataanza na Ijumaa peke yake, kipindi kimoja, na ikiwa vurugu ataacha. Namheshimu kwa kusema hivyo wazi.

Kadi nitaprinti mimi. Makaratasi ya kumi nitakata kwenye maboksi. Kilichobaki ni vizibo vya kutosha kila kundi, na siku hizi soda nyingi ni za chupa za plastiki. Baa moja ya Kirumba imenipa mfuko mzima, ila mwalimu amevikagua akavirudisha: hataki mtoto arudi nyumbani na nembo za bia mfukoni. Kwa hiyo kama unaishi huku Mwanza, una grosari, au unafanya sherehe hivi karibuni, nisaidie vizibo vya soda za chupa za kioo. Vioshwe kwanza. Vile vya mwanzo vilinivutia sisimizi mpaka kwenye mashine ya kopi.